Afisa Mwema na Bei Asiyoijua

Hoja za kutetea soko huria mara nyingi huanza vibaya. Huanza kwa kumsuta mtumishi wa serikali: kwamba ni mvivu, ni mla rushwa, hufikiria tumbo lake kwanza. Hoja ya namna hiyo haifiki mbali, kwa sababu jibu lake liko tayari mdomoni mwa kila msikilizaji: basi aondolewe huyo, awekwe mwadilifu. Napendelea kuanzia upande wa pili kabisa. Tuchukulie kwamba afisa aliyekabidhiwa kazi ya kupanga bei ni mtu mwema, hapokei hata kalamu ya zawadi, amesoma akahitimu vizuri, anafika kazini kabla ya wenzake, na shabaha yake ni kuona mnyonge anapata mahitaji yake kwa bei anayoimudu. Nina swali moja tu kwa ajili yake: ataijuaje bei?

Chukua kitu cha kawaida kama sabuni. Ili apange bei ya kipande kimoja, itambidi ajue mafuta ya mawese na magadi yamefikia kiasi gani, umeme unakatika mara ngapi kiwandani, meli iliyobeba malighafi imekwama bandari gani, na kiwanda cha mshindani kimeharibikiwa na mtambo au kimeongeza zamu ya usiku. Itambidi ajue pia sabuni hiyo ikipanda kidogo ni wangapi watakaoiacha na kuhamia nyingine. Akishayakusanya yote hayo leo, kesho asubuhi yatakuwa yamebadilika. Isitoshe, sehemu kubwa ya maarifa hayo haimo katika faili lolote. Imo kichwani mwa fundi anayeujua mtambo wake kwa mlio, mwa dereva anayejua barabara ipi haipitiki baada ya mvua, mwa mchuuzi anayejua ni lini wateja wake hununua vipande vidogo badala ya mche mzima. Wape watu hawa fomu wajaze wanachokijua, nao wataandika nusu ukurasa. Hawafichi kitu, mengi wanayoyajua hawajui kwamba wanayajua mpaka jambo litokee.

Mchumi Friedrich Hayek, mzaliwa wa Vienna aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1974, aliieleza hoja hii mwaka 1945 kwa mfano wa madini ya bati. Kama bati limeadimika duniani, alisema, huenda ni kwa sababu mgodi fulani umefungwa, na huenda ni kwa sababu mtu fulani amegundua matumizi mapya ya madini hayo. Mtengenezaji wa makopo hana haja ya kujua ni sababu ipi. Bei imepanda, na hiyo inamtosha kujibana, kutafuta mbadala, au kuwaachia bati wenye shida nalo zaidi kuliko yeye. Maelfu ya watu wasiofahamiana, wengine wakiwa maadui wa kisiasa, hurekebisha mienendo yao kwa siku chache bila mkutano wala waraka. Nikisoma majibizano ya watu kuhusu uchumi huona kwamba jambo hili ndilo linalorukwa kuliko yote. Bei hujadiliwa kana kwamba ni adhabu ambayo muuzaji amemtwisha mnunuzi, ilhali sehemu kubwa ya kazi yake ni kupeleka habari.

Umoja wa Kisovieti ulijaribu kuifanya kazi hiyo kwa njia nyingine, na haukukosa akili. Gosplan, kamati ya mipango iliyoundwa mwaka 1921, iliajiri wanahisabati ambao nchi nyingi zingewatamani. Lakini mpango lazima upimwe kwa kitu, na uzalishaji wa viwanda vingi ulipimwa kwa uzito. Mwaka 1959 kiongozi wa nchi hiyo mwenyewe, Nikita Khrushchev, alilalamika hadharani kwamba viwanda vya taa za kuning'iniza darini vinatengeneza taa nzito kupita kiasi, kwa kuwa kadiri taa inavyokuwa nzito ndivyo kiwanda kinavyotimiza lengo la tani upesi na wafanyakazi wake kupata bonasi. Hapo hakuna aliyeiba. Meneja alitii mpango, mpangaji alipanga kwa uaminifu, na mwenye nyumba akaletewa taa inayotishia kung'oa dari. Mnunuzi ambaye angeikataa taa hiyo dukani na kuilazimisha bei yake ishuke hakuwa na mahali pa kusemea.

Tuje kwenye lile linalotokea mara nyingi zaidi kuliko mpango mkuu wa nchi nzima, yaani bei elekezi ya bidhaa moja. Serikali inaona kitu kimepanda, wananchi wanalia, inatoa tangazo kwamba kuanzia leo kisiuzwe zaidi ya kiasi fulani. Kiasi kilichokuwapo stoo hakijaongezeka kwa tangazo hilo, na wanaokitaka wameongezeka, maana sasa ni rahisi. Lazima basi kigawanywe kwa njia isiyo bei. Njia zenyewe tunazijua sote: foleni, kujuana, mlango wa nyuma, na ule msemo wa wahenga kwamba mkono mtupu haulambwi. Bidhaa nyingine hubaki kwenye rafu kwa bei halali lakini imepunguzwa kipimo au imechakachuliwa. Kisha huja msako dhidi ya walanguzi, na magazeti hupamba ukurasa wa mbele kwa picha za magunia yaliyokamatwa. Mlanguzi huyo ametengenezwa na tangazo lenyewe. Tofauti kati ya bei iliyoandikwa na bei ambayo watu wako tayari kulipa ni fedha iliyoachwa barabarani, na hakuna dola iliyowahi kuweka askari wa kutosha kuilinda. Tangu mfalme Diocletian wa Roma alipotangaza mwaka 301 bei za juu kabisa za bidhaa na huduma zaidi ya elfu moja, huku adhabu ya kuzivunja ikiwa kifo, matokeo yamekuwa ya aina moja.

Mtu aliye tajiri haathiriki sana na foleni, kwa sababu hutuma mtu amsimamie. Anayeumia ni yule ambaye saa zake ndiyo mali pekee aliyonayo. Nalitaja hili mapema kwa kuwa watetezi wa bei elekezi hujiona wako upande wa mnyonge, na wengi wao kwa kweli wako upande huo kwa nia.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote katika mjadala huu ni cha kanda za magharibi za Ujerumani mwaka 1948. Bei za nchi hiyo zilikuwa zimefungwa tangu Novemba 1936, enzi ya Wanazi, na majeshi ya Marekani, Uingereza na Ufaransa yaliyoikalia baada ya vita yaliendelea na utaratibu uleule pamoja na kadi za mgawo. Vita viligharimiwa kwa kuchapisha fedha, kwa hiyo noti zilijaa na bidhaa hazikuonekana. Mshahara halali haukununua kitu cha maana zaidi ya mgawo, na mgawo haukushibisha. Sigara za Kimarekani zikawa ndiyo fedha. Watu wa mijini walipanda treni kwenda vijijini wamebeba saa, mashuka na vyombo vya nyumbani ili wabadilishane na viazi vya wakulima. Mnamo Mei 1948 mfanyakazi wa kawaida alikosekana kazini kwa zaidi ya saa tisa kila wiki. Hakuwa mvivu, kwa saa hizo kuhangaikia gunia la viazi kulimlipa kuliko kusimama kwenye mashine akisubiri noti zisizonunua kitu.

Jumapili ya tarehe 20 Juni 1948 ilianza kutolewa fedha mpya, Deutsche Mark, na kila mtu akapewa 40 za kuanzia. Hilo lilikuwa limepangwa na mataifa yaliyoikalia nchi. Ambalo hawakulipanga ni hatua ya Ludwig Erhard, mkurugenzi wa uchumi wa kanda za Marekani na Uingereza, ambaye wakati huohuo alitangaza kwamba udhibiti wa bei na mgawo wa bidhaa nyingi umekwisha. Kwa kanuni za majeshi hakuruhusiwa kubadilisha masharti ya bei bila idhini, na inasimuliwa kwamba alipobanwa alijitetea kuwa hakuyabadilisha, ameyafuta tu. Inasimuliwa pia kwamba Jenerali Lucius Clay, gavana wa kijeshi wa Marekani, alimweleza kuwa washauri wake wanaliona jambo hilo ni kosa kubwa, naye akajibu kwamba hata washauri wake mwenyewe wanamwambia hivyohivyo.

Jumatatu yake madirisha ya maduka yalikuwa yamejaa vitu ambavyo wiki moja kabla vilisemekana havipo. Sehemu kubwa ilikuwa imefichwa, na wapinzani wa Erhard walikuwa na haki ya kukasirika kwamba wafanyabiashara walihodhi mali wakati watoto wanalala njaa. Lakini kuhodhi huko kulimaanisha kwamba hakuna aliyetaka kutoa kitu cha thamani kwa noti zisizo na thamani, kwa bei iliyopangwa miaka 12 nyuma. Kinachonishawishi zaidi si madirisha. Ni kwamba kufikia Oktoba zile saa za kukosekana kazini zilikuwa zimeshuka hadi zaidi kidogo ya nne kwa wiki, na uzalishaji wa viwandani katika nusu ya pili ya mwaka huo ulipanda kwa karibu nusu. Mashine zilikuwa zilezile, na watu walewale.

Sitaki kukipaka kisa hiki rangi. Bei zilipanda kwa miezi kadhaa, wenye akiba ya benki walipoteza sehemu kubwa ya fedha zao katika mabadilisho ya sarafu, na tarehe 12 Novemba mamilioni ya wafanyakazi waligoma kupinga ughali wa maisha. Erhard alinusurika kisiasa kwa shida. Vyakula vya msingi na kodi za nyumba viliendelea kudhibitiwa, na hakuna anayeweza kutenganisha kikamilifu kazi iliyofanywa na fedha mpya na ile iliyofanywa na uhuru wa bei. Kwa maoni yangu vilihitajiana: fedha nzuri chini ya bei zilizofungwa ingezalisha foleni, na bei huru katika fedha mbovu ingezalisha mfumuko.

Kodi ya nyumba ndiyo mahali ambapo hata wanaokubaliana nami katika mengine huniacha. Nyumba si sabuni, husema. Mtu hawezi kusubiri. Naam, na ndiyo maana madhara ya kufunga kodi huchukua muda mrefu kuonekana: jengo halikimbii siku ya tangazo. Stockholm inafaa kuangaliwa kwa sababu ni mji wenye utawala safi na takwimu za wazi, kwa hiyo kisingizio cha rushwa hakipo. Kodi huko huamuliwa kwa majadiliano kati ya chama cha wapangaji na wenye nyumba, na hazifuati mvuto wa eneo kama ambavyo soko lingefanya. Matokeo yake ni foleni rasmi ya manispaa yenye mamia ya maelfu ya majina, ambamo kupata nyumba huchukua kwa wastani takriban miaka tisa, na katikati ya mji zaidi ya hapo. Aliyeingia zamani amefaulu. Kijana anayehamia kutoka mkoani kwa ajili ya ajira hupanga kwa aliyepanga, kwa mkataba mfupi, au hununua mkataba kwa magendo. Assar Lindbeck, mchumi wa Uswidi ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwanachama wa chama cha kisoshalisti cha nchi hiyo, alisema kwamba ukiacha mabomu, udhibiti wa kodi za nyumba ndiyo njia bora inayojulikana ya kuangamiza mji. Alitia chumvi kidogo, kwa kuwa Stockholm bado ni mji mzuri sana kwa walio ndani.

Hapa lazima niondoe dhana moja. Kutetea soko si kuwatetea wafanyabiashara. Adam Smith, mwanafalsafa wa Uskoti anayeitwa baba wa uchumi, katika kitabu chake cha mwaka 1776, aliwashuku wafanyabiashara kuliko wanavyoshukiwa na wanasiasa wengi wa leo. Aliandika kwamba watu wa biashara moja hawakutani mara nyingi, hata kwa burudani, bila mazungumzo kuishia kwenye njama dhidi ya umma. Njama hiyo hudumu vizuri pale tu serikali inapoipa muhuri. Bila muhuri, mmoja wao atashusha bei kwa siri na njama itavunjika. Kwa hiyo mwenye kiwanda mwerevu hutumia fedha zake kwa wanasheria na wabunge ili apate leseni isiyotolewa kwa mwingine, ushuru dhidi ya bidhaa za nje, au kanuni ya ubora ambayo yeye tayari ameitimiza na mshindani mdogo hawezi kuigharimia.

Marekani imekuwa ikizuia sukari ya nje kwa viwango maalumu kwa miongo mingi, na bei ya sukari ndani ya nchi hiyo mara nyingi imekuwa juu sana kuliko ile ya soko la dunia. Mlaji mmoja hupoteza kiasi kidogo kwa mwaka, kiasi ambacho hakistahili nauli ya kwenda kuandamana. Mzalishaji mmoja mkubwa hupata mamilioni, kiasi kinachostahili ofisi ya kudumu karibu na bunge. Hesabu hiyo ya kisiasa haibadiliki kwa kuchagua chama kingine. Na ilipofika Oktoba 2008, benki zilizocheza kamari na kuanguka zilitengewa dola bilioni 700 za walipa kodi katika mpango mmoja tu. Kuna wachumi makini wanaosema bila fedha hizo mfumo mzima ungesimama, nami sina jeuri ya kuwapuuza. Ninachosema ni kwamba mfanyabiashara anayebaki na faida akishinda, na akishindwa hasara ikalipwa na umma, hayumo katika soko huria, na asihesabiwe upande wetu.

Hasara ina kazi yake. Humwondoa anayetumia vibaya rasilimali za wengine, na humwondoa bila kesi wala tume ya uchunguzi. Ofisi ya serikali inayoshindwa huomba bajeti kubwa zaidi mwaka unaofuata, kwa hoja kwamba ilishindwa kwa uhaba wa fedha.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wahenga hawakusema vimeundwa na nani, wala kwa motisha gani, na kijiji cha Xiaogang katika jimbo la Anhui nchini China kinatoa jibu ambalo hakuna profesa aliyelibuni. Wilaya yake ya Fengyang ilijulikana kwa njaa na kwa ombaomba. Mashamba yalilimwa kwa pamoja, mavuno yakaingia katika hesabu ya wote, na aliyelima kutwa alipata karibu sawa na aliyejikokota. Mwishoni mwa mwaka 1978 wakulima 18 walikutana kwa siri usiku, wakaandika karatasi fupi, wakatia dole gumba. Waligawana ardhi ya kijiji kwa kaya. Kila kaya itapeleka sehemu yake serikalini kama kawaida, kinachozidi ni chake, na hakuna atakayeiomba serikali fedha wala nafaka. Sharti lililobaki ndilo linalonigusa: viongozi wao wakifungwa au kuuawa kwa jambo hilo, wengine watawalea watoto wao mpaka wafike miaka 18.

Mavuno ya mwaka uliofuata yalizidi jumla ya miaka mitano iliyotangulia. Ardhi haikubadilika, mbegu hazikuwa za ajabu, na hapakuwa na mtaalamu aliyetumwa. Kilichobadilika ni nani anayebaki na ziada. Viongozi wa jimbo waligundua, na wakaamua kufumba macho, kisha kuunga mkono. Ndani ya miaka michache utaratibu huo ulikuwa umeenea karibu China yote, na karatasi yenye alama za vidole sasa imehifadhiwa katika makumbusho mjini Beijing. Jambo la kuzingatia ni kwamba serikali hapa haikubuni sera. Iliacha kuzuia, na kuacha huko kulichukua ujasiri wa kisiasa ambao si mdogo.

Baada ya kusema hayo, kuna pingamizi mbili ambazo mtetezi wa soko hapaswi kuzikwepa, na mara nyingi huzikwepa.

Ya kwanza ni madhara yasiyoingia katika bei. Madini ya risasi yalianza kuongezwa kwenye petroli miaka ya 1920 ili injini zisigonge. Muuzaji alifaidika, mwenye gari alifaidika, na sumu ikaingia katika damu ya watoto ambao hawakuwa wamenunua wala kuuza chochote. Habari ambazo bei inapeleka hazikuwa na nafasi ya mtoto huyo. Ilibidi sheria zipige marufuku, nchi baada ya nchi, mpaka Algeria ilipokuwa ya mwisho kuacha kuiuza petroli hiyo kwa magari mwaka 2021. Naikubali hatua hiyo bila kusitasita. Kumtilia mtu sumu ni kumshambulia, na kuzuia shambulio ndiyo kazi ya kwanza ya serikali hata kwa mwenye mashaka makubwa kuhusu serikali. Hata hivyo, namna ya kuingilia nayo ina uzito wake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu moshi wa salfa kutoka vituo vya umeme haikuamuru kila kituo kifunge mtambo gani. Iliweka kikomo cha jumla, ikagawa vibali, ikaruhusu vinunuliwe na kuuzwa. Kituo kilichoweza kupunguza moshi kwa gharama ndogo kilipunguza zaidi na kuuza vibali vyake. Moshi ulipungua kwa gharama ya chini kuliko ilivyotabiriwa, kwa sababu afisa hakuhitaji kujua kila bomba la moshi lina siri gani.

Ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni njaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na bei nayo haimjui asiye na senti. Ugonjwa wa viazi ulipoingia Ireland mwaka 1845, mamilioni ya watu waliotegemea zao hilo walipoteza chakula na kipato kwa pamoja. Serikali ya Uingereza, iliyoitawala Ireland, chini ya Robert Peel ilinunua mahindi kutoka Marekani na kuyaingiza. Serikali iliyofuata, ya John Russell, ilipunguza mkono huo mwaka 1846 kwa hoja kwamba biashara itafanya kazi yake, wakati shayiri na ng'ombe vikiendelea kusafirishwa kutoka bandari za nchi hiyohiyo. Watu wapatao milioni moja walikufa. Waliofanya uamuzi huo walinukuu kanuni ambazo mimi pia ninazinukuu, na sioni uaminifu wowote katika kudai kwamba hawakuzielewa.

Ninavyoliona, walizielewa nusu. Soko hupeleka nafaka kwa anayeweza kuilipia, na hilo hulifanya vizuri kuliko jeshi au wizara. Halimpi fedha aliyepoteza zao lake. Kilichosaidia Ireland, kwa muda mfupi kilipotumika, ni majiko ya supu ya mwaka 1847, ambayo wakati wa kilele yalilisha watu wapatao milioni tatu kwa siku, kisha yakafungwa mapema mno. Majiko hayo hayakufunga bei ya nafaka. Yalimwongezea mwenye njaa uwezo wa kula. Tofauti hiyo naiona ni ya msingi. Kumpa maskini fedha au chakula huacha bei iendelee kumwita mwenye ghala na mwenye meli. Kufunga bei humfukuza mwenye meli kwenye bandari nyingine, na maskini anabaki na bei nzuri ya kitu kisichokuwapo. Kwa hiyo ninapoulizwa kama napinga kila mkono wa serikali, jibu langu ni hapana: sipingi walipa kodi kumsaidia mhitaji waziwazi, katika bajeti inayoonekana na kujadiliwa. Napinga msaada unaofichwa ndani ya bei, kwa sababu gharama yake humwangukia mtu ambaye hakuna aliyemhesabu.

Na hata afisa wetu mwema akijua yote niliyoyasema, bado kuna bosi wake. Richard Nixon alifanya kazi mwaka 1942 katika ofisi ya udhibiti wa bei wakati wa vita, idara ya mgawo wa matairi, na aliondoka akiuchukia udhibiti wa namna hiyo. Jioni ya tarehe 15 Agosti 1971, akiwa rais wa Marekani na uchaguzi ukiwa mwaka mmoja mbele, alitangaza kupitia televisheni kwamba bei na mishahara yote imefungwa kwa siku 90. Wananchi walishangilia, na mwaka 1972 alishinda majimbo 49 kati ya 50. Siku 90 zikafuatwa na awamu ya pili, kisha ya tatu, kisha kufungwa upya mwezi Juni 1973, ambapo wafugaji waliacha kupeleka ng'ombe sokoni na wengine wakaangamiza vifaranga kwa sababu kuwalisha kulizidi bei halali ya kuku. Udhibiti mwingi ulikoma Aprili 1974. Ule wa mafuta ulibaki, ukazalisha misururu ya magari kwenye vituo vya petroli mwaka 1974 na tena mwaka 1979, na haukufutwa kabisa mpaka Januari 1981. Nixon hakukosa maarifa. Alikosa sababu ya kisiasa ya kuyafuata.

Ndiyo maana siamini sana kwamba ukombozi utatoka kwa viongozi wa mrengo fulani. Ofisi ya Marekani iliyopanga nauli na njia za ndege tangu mwaka 1938 ilipokea kati ya mwaka 1950 na 1974 maombi 79 ya kampuni mpya zilizotaka kuingia katika safari za ndani, na haikukubali hata moja. Nauli zilipofungwa juu, mashirika yalishindana kwa mambo mengine. Moja liliweka hata kinanda ndani ya ndege kwa ajili ya abiria wa daraja la kawaida. Kampuni zilizoruka ndani ya California pekee, nje ya mamlaka ya ofisi hiyo, zilitoza karibu nusu ya nauli kwa umbali unaolingana. Aliyelifichua jambo hilo bungeni mwaka 1975 alikuwa Seneta Edward Kennedy, mtu wa mrengo wa kushoto. Aliyetia saini sheria ya kulegeza udhibiti Oktoba 1978 alikuwa Rais Jimmy Carter, wa chama kilekile cha Kennedy. Na mwenyekiti wa ofisi yenyewe, mchumi Alfred Kahn, ndiye aliyepigania ivunjwe. Ilifungwa rasmi mwishoni mwa mwaka 1984. Baadhi ya mashirika makongwe yalifilisika, miji midogo ikapoteza safari ilizozoea, viti vikabanana, na nauli kwa wastani zikashuka. Ukaguzi wa usalama wa ndege tayari ulikuwa chini ya idara nyingine ya serikali, na sheria ile haikuuondoa.